Mo Amin: kijana wa Dar aliyeionesha dunia Afrika kwa nyeusi na nyeupe

Ukiwa Kasokola na simu ya kawaida tu, unabonyeza mara moja picha inageuka nyeusi na nyeupe. Bure kabisa. Wakati huohuo, kuna watengeneza sinema Ulaya na Marekani wanaotafuta kamera za kidijitali ambazo haziwezi kuona rangi hata ukizibembeleza. Filamu ya Mank ya mwaka 2020 ilipigwa kwa kamera ya aina hiyo, ya kampuni ya RED.

Mohamed Amin, aliyejulikana zaidi kama Mo, hakuwahi kuhitaji kuifikiria mara mbili. Alipoanza kazi, habari za televisheni zilikuwa nyeusi na nyeupe, basi.

Alizaliwa Nairobi, Eastleigh, tarehe 29 Agosti 1943. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, katika shirika lilelile la Afrika Mashariki lililoendesha treni za kuja Mpanda. Kazi hiyo ndiyo iliyoihamishia familia Dar es Salaam, Mo akiwa bado mtoto. Akiwa shuleni alipata kamera ya mtumba, Box Brownie, kiboksi chenye lenzi ambacho hakina cha kurekebisha sana. Mwaka 1963, akiwa na miaka 20 hivi, akafungua kampuni yake Dar, Camerapix.

Muda ulimkubali. Januari 1964 Mapinduzi yakatokea Zanzibar, na siku chache baadaye wanajeshi wa Tanganyika wakaasi. Waandishi wa nje walikuwa mbali. Mo alikuwa hapahapa.

Kamera za habari za siku zile zilitumia mkanda wa milimita 16. Bolex, mojawapo ya zilizopendwa sana, ilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani: unazungusha, inakimbia chini ya nusu dakika, unazungusha tena. Hakuna betri, na huwezi kurudia. Mkanda mweusi na mweupe ulikuwa na faida yake pia, maana kuusafisha kulikuwa na hatua chache kuliko wa rangi, na kwenye habari dakika ni mali.

Zanzibar ndiko pia kulikomponza. Alipiga filamu kambi ya mafunzo ya kijeshi yenye wakufunzi kutoka nchi za kambi ya Kisovieti, kitu ambacho wakubwa hawakutaka kionekane. Mwaka 1966 akakamatwa na kutupwa gereza la Kiinua Miguu. Alikaa karibu mwezi mzima, kisha akafukuzwa nchini na kurudi Nairobi alikozaliwa. Camerapix ikahamia huko. (Cha ajabu, visiwa hivyo vilipopata televisheni mwaka 1973, vilianza na rangi moja kwa moja. Bara tulisubiri hadi miaka ya 1990.)

Halafu ikaja Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969.

Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi wa Kenya, miaka 38 tu, alipigwa risasi mchana akitoka kwenye duka la dawa katikati ya Nairobi. Mo alifika mapema mno. Akapiga filamu ya Mboya akiwa kwenye gari la wagonjwa huku daktari akihangaika kumrudishia uhai. Alikuwa na miaka 25, na aliyekuwa anakata roho mbele ya lenzi yake ni mtu ambaye Nairobi nzima ilimjua. Kazi ile ilimpa tuzo ya Uingereza ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka huo.

Hapa ndipo nyeusi na nyeupe inapojieleza yenyewe. Damu ikiwa nyekundu, jicho linakimbilia damu. Ikiwa ya kijivu kama kila kitu kingine, unabaki na nyuso: hofu ya watu, mikono ya daktari, umati nje. Unavumilia kutazama, na kwa sababu hiyo unaona zaidi. Ni sawa na picha ya babu iliyoko ukutani. Hakuna anayeuliza shati lake lilikuwa la rangi gani.

Wanaonunua kamera zile za leo wana sababu nyingine pia, ya kiufundi. Ndani ya kamera ya kawaida kuna kihisi, kipande kinachopokea mwanga. Juu yake kuna vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na bluu, hivyo kila nukta inaona rangi moja tu na zilizobaki kamera inakadiria. Ukiviondoa vichujio, kila nukta inapokea mwanga wote. Picha inakuwa kali zaidi na gizani kamera inaona vizuri. Filta ya simu haifanyi hivyo. Yenyewe inafuta tu rangi ambazo zilishapigwa. Ila ukishapiga kwa kamera hizo hakuna kurudi nyuma, rangi hazipo popote.

Mo mwenyewe hakuwa mtu wa kung'ang'ania ya zamani. Rangi ilipokuja aliichukua, video ilipokuja akaichukua. Njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984, kazi iliyomfanya ajulikane kuliko zote, aliipiga kwa rangi. Picha zile kutoka Korem zilirushwa na BBC Oktoba mwaka huo, na tarehe 13 Julai 1985 zikazaa tamasha la Live Aid, London na Philadelphia.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake wa sauti, John Mathai, akafariki. Mo akapoteza mkono wa kushoto. Wengi wangestaafu, lakini yeye alifungiwa mkono wa bandia akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis kurudi Nairobi. Ikatekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazidja, Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125, na Mo alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 53.

Ufukweni kulikuwa na watalii. Mmoja wao alikuwa na kamera ndogo ya video mkononi, na aliirekodi ndege ile ikigusa maji, kwa rangi.