Enke: Kipa aliyewahi kuishinda sonona, kisha akaificha

JUMAPILI ya Novemba 15, 2009, watu wapatao 40,000 walijaa kwenye uwanja wa Hannover, Ujerumani, na hakukuwa na mechi. Katikati ya dimba, pale mpira unapoanzia, liliwekwa jeneza la Robert Enke. Alikuwa na miaka 32, nahodha wa Hannover 96, na mmoja wa makipa waliokuwa wakitajwa kusimama langoni mwa Ujerumani kwenye Kombe la Dunia la Afrika Kusini miezi saba baadaye. Siku tano kabla, alikuwa amejitoa uhai.

Wanaomkumbuka Enke wengi huishia hapo. Lakini kuna mwaka 2003, ambao hausimuliwi sana. Mwaka huo ugonjwa uleule wa sonona ulimshika, akaenda kwa daktari, akatibiwa, akapona.

Enke alizaliwa Agosti 24, 1977 katika mji wa Jena, Ujerumani Mashariki ya wakati ule. Baba yake alikuwa mtaalamu wa saikolojia, mtu ambaye kazi yake ni kuwatibu wenye maradhi ya namna hiyo. Kwa hiyo huyu si kijana ambaye hakuwahi kusikia kwamba akili nayo huugua.

Akiwa na miaka 21 akawa kipa namba moja wa Borussia Mönchengladbach. Basi bwana, wiki moja Bayer Leverkusen wakamtandika mabao nane, wiki iliyofuata Wolfsburg wakampiga saba. Mabao 15 katika mechi mbili, na wewe ndiye unayeinama kuyaokota nyavuni! Timu ikashuka daraja, yeye akaenda Benfica ya Ureno, na huko mambo yakamnyookea. Alikaa misimu mitatu, akapewa hadi kitambaa cha unahodha.

Mwaka 2002 Barcelona wakamchukua. Nani angekataa? Mechi yake ya kwanza ilikuwa ya Kombe la Mfalme dhidi ya Novelda, timu ya daraja la tatu. Barcelona wakafa 3-2, na beki wake, Frank de Boer, akamlaumu hadharani. Mshambuliaji akikosa bao anapata nafasi nyingine dakika kumi baadaye. Kipa akikosea, watu wanaikumbuka mwaka mzima, na hata hapa kwetu tunajua jinsi kipa anavyosemwa vijiweni akifungwa bao la kizembe. Baada ya Novelda, Enke alicheza mara chache mno.

Kiangazi cha 2003 akapelekwa kwa mkopo Fenerbahçe ya Uturuki. Akacheza mechi moja tu ya ligi, wakafungwa 3-0, na mashabiki wa timu yake mwenyewe wakamrushia chupa na viberiti. Akaomba mkataba uvunjwe, akaondoka zake. Akabaki bila timu hadi Januari.

Hapo ndipo alipokwenda Cologne kwa Dk. Valentin Markser, daktari wa magonjwa ya akili ambaye naye aliwahi kucheza mpira wa mikono. Sonona si huzuni ya kufungwa mechi. Mtu anaamka asubuhi na kushuka kitandani tu ni mlima. Tiba yake ni vikao vya mazungumzo na daktari, mara nyingi pamoja na dawa, na inachukua wiki au miezi. Enke akaifuata. Januari 2004 akaanza upya Tenerife, daraja la pili Hispania, bila kuona aibu. Miezi michache baadaye Hannover wakamsajili, na wachezaji wenzake wa Bundesliga wakamchagua kipa bora.

Septemba 2006 binti yake Lara, aliyezaliwa na ugonjwa wa moyo, akafariki akiwa na miaka miwili. Wiki haikuisha, Enke akawa langoni. Hata pigo hilo hakulizimikia. Mwaka uliofuata akaanza kuichezea timu ya taifa, na akaichezea mechi nane.

Sonona ilirudi mwaka 2009. Daktari alikuwa yuleyule, mke wake Teresa alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 2003 Enke hakuwa na timu wala jina la kulinda. Sasa alikuwa nahodha, kipa wa taifa, na Mei mwaka huo yeye na mkewe walikuwa wamemchukua mtoto wa kulea, Leila. Aliogopa kwamba siri ikivuja atanyang'anywa mtoto na kazi pia. Akashauriwa kulazwa hospitali, akakataa. Klabu ikaambiwa ana maambukizi ya tumbo, na siku za mwisho hata daktari na mkewe aliwaaminisha kuwa anaendelea vizuri. Novemba 8 alidaka dhidi ya Hamburg, sare ya 2-2. Siku mbili baadaye akafariki.

Kesho yake Teresa akaketi mbele ya waandishi wa habari, na daktari pembeni yake, akaeleza kila kitu walichokuwa wamekificha. Sidhani kama kuna mchezaji aliyewahi kufanya jambo gumu kuliko lile. Mwaka 2010 ikaanzishwa taasisi yenye jina la Enke ya kusaidia wenye sonona, na Teresa akawa kiongozi wake.

Septemba 2011, kipa mwingine wa Hannover 96, Markus Miller, alitangaza hadharani kwamba amechoka akili na anakwenda kulazwa. Klabu ikamruhusu. Baada ya wiki kadhaa akarudi mazoezini, akavaa glovu zake, akaendelea na kazi.