Askofu Josiah Kibira

Katika nchi ya Buhaya, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, ukoo ulikuwa ngome ya mtu. Mwenye ukoo alikuwa na kibanja cha migomba, na watetezi siku ya mashtaka, na watu wa kumzika. Watu wa koo mbalimbali walipotaka kuwa ndugu, walifanya omukago. Walitwaa tunda moja la buni, lenye punje mbili, wakazipaka damu yao. Kila mmoja akala punje yenye damu ya mwenzake. Tangu siku ile ikawa mwiko kudhuriana.

Lakini ngome humlinda aliye ndani, na aliye nje humfungia mlango. Tena hata ndani ya ngome ndugu waliweza kugombania urithi, na mume na mke wakakaa nyumba moja bila amani.

Josiah Kibira alizaliwa Kashura, karibu na Bukoba, tarehe 28 Agosti 1925. Alipokwisha kusoma akawa mwalimu. Siku zile Uamsho, ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ulikuwa umekwisha kuingia Buhaya. Watu walisimama mbele ya wenzao, wakaungama dhambi zao wakizitaja waziwazi. Mwizi alirudisha alichoiba. Mume aliyemdhulumu mkewe alimwomba radhi. Majirani wasiosalimiana wakasalimiana. Mwaka 1947 Kibira naye aliguswa na Uamsho huo, na njia ya maisha yake ikageuka.

Walakini Uamsho ulikuwa na hatari yake. Baadhi ya waliookoka waliwadharau wasiofanana nao, hata jamaa zao wenyewe. Hivyo nyumba iliyoponywa upande mmoja iliweza kupasuka upande wa pili. Basi ikabaki kazi ngumu: kushika toba pasipo kumtupa ndugu.

Kibira alikwenda Bethel, Ujerumani, kusoma mambo ya Mungu, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960. Baadaye alisoma Boston, Marekani. Mwaka 1964 akawa askofu wa Walutheri wa upande huo, akishika mahali pa Bengt Sundkler, Mswidi. Aliwachunga watu wa Bukoba, na wa nchi iitwayo leo Muleba, iliko hospitali ya Ndolage. Mwaka 1974 kilitolewa kitabu chake, ambacho ndani yake alichunguza ukoo wa Kihaya, na omukago, na Uamsho, akitafuta maana ya ushirika wa Kanisa. Hakuona kwamba mila ya wazee ni kitu cha kupuuzwa. Maana Mhaya aliyejua uzito wa omukago hakushindwa kufahamu habari ya damu iliyomwagwa kwa ajili ya koo zote, na ya meza ambayo adui wawili hawawezi kuikaribia kwa haki wasipopatana kwanza.

Mwaka 1977 Walutheri wa dunia walikutana Dar es Salaam, wakamchagua Kibira kuwa rais wa shirikisho lao. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo. Mkutano huohuo ulitamka kwamba kuwatenga watu kwa rangi, kama ilivyofanywa Afrika Kusini, ni jambo linalopingana na imani yenyewe. Mwaka 1984, huko Budapest, alipomaliza zamu yake, makanisa mawili ya Wazungu wa kusini mwa Afrika yaliyokataa kuacha ubaguzi yalisimamishwa ushirika. Ndivyo jamaa inavyopaswa kufanya: haifichi kosa la ndugu kwa kuogopa ugomvi, wala haimfungii mlango akirudi.

Askofu Kibira alifariki tarehe 18 Julai 1988. Maisha yake yafundisha kwamba undugu uliovunjika hauponi kwa kunyamaza. Huanza kupona mmoja anapotangulia kusema amekosa, na mwingine anapokubali kumpokea.