Pombal: Waziri aliyeijenga upya Lisbon na kuwafunga midomo waliompinga

JUMAMOSI ya Novemba 1, 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, wakazi wengi wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, walikuwa makanisani pale ardhi ilipoanza kutikisika muda mfupi kabla ya saa nne asubuhi. Mapaa ya makanisa yakawaangukia waumini. Waliokimbilia ukingo wa mto Tejo wakidhani huko ni salama walikumbwa na mawimbi ya tsunami. Kisha mishumaa ya altareni na majiko ya nyumbani vikawasha moto uliouteketeza mji kwa siku kadhaa.

Makadirio ya waliokufa mjini humo yanapishana sana, kuanzia watu 10,000 hadi zaidi ya 30,000. Kasri la mfalme liliangamia pamoja na maktaba yake, na jumba la opera lililofunguliwa mwaka huo huo likageuka kifusi. Iliteketea pia Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya Bahari ya Hindi, ikiwamo ya pwani yetu ya Afrika Mashariki tangu siku za Vasco da Gama.

Mtu aliyebebeshwa mzigo wa maafa hayo aliitwa Sebastião José de Carvalho e Melo. Historia inamkumbuka kwa cheo alichopewa uzeeni mwaka 1769, cha Marquês de Pombal, na ndivyo tutakavyomwita humu.

Pombal alizaliwa Lisbon mwaka 1699 katika familia ya watukufu wa ngazi ya chini, jambo ambalo wakubwa wa nchi hawakuacha kumkumbusha. Aliiwakilisha Ureno mjini London kuanzia mwaka 1738, kisha Vienna. Akiwa London alijionea jinsi biashara ilivyoipa Uingereza nguvu, na jinsi Ureno, pamoja na dhahabu yote ya Brazil, ilivyobaki soko la bidhaa za Waingereza. Mfalme José wa Kwanza alipotawazwa mwaka 1750 alimpa uwaziri. Mfalme huyo alipenda uwindaji na opera kuliko mafaili, na baada ya tetemeko aliogopa kuta za mawe kiasi cha kuhamia katika mahema, na baadaye katika kasri la mbao lililojengwa kilimani Ajuda. Nchi ikabaki mikononi mwa waziri.

Hatua zake za mwanzo zilikuwa za haraka. Kwa ridhaa ya viongozi wa Kanisa, maiti zilipakiwa katika mashua na kuzamishwa baharini ili kuepusha magonjwa ya mlipuko. Bei za vyakula zilidhibitiwa, na kodi za nyumba zikazuiwa kupanda. Aidha, mahali pa wazi palisimikwa miti ya kunyongea, na watu zaidi ya 30 waliotuhumiwa kupora mali wakanyongwa.

Mnamo Januari 1756, Pombal alituma hojaji katika parokia zote nchini. Tetemeko lilidumu kwa muda gani? Bahari ilipanda au ilishuka kwanza? Chemchemi zilibadilika? Majibu yake bado yanasomwa na wanasayansi, na wengi wao wanaihesabu hojaji hiyo kuwa miongoni mwa hatua za mwanzo za elimu ya matetemeko.

Swali zito zaidi lilikuwa mji ujengwe wapi na kwa namna gani. Kazi ya kulijibu alipewa mhandisi mkuu wa nchi, Manuel da Maia, mzee aliyekuwa anakaribia miaka 80. Desemba 4, 1755, mwezi mmoja tu baada ya maafa, mzee huyo aliwasilisha sehemu ya kwanza ya andiko lake. Aliweka mezani njia tano: kuujenga mji kama ulivyokuwa, kuujenga kwa kupanua barabara tu, kupanua barabara na kuzuia nyumba kuzidi ghorofa mbili, kusawazisha eneo lote la chini na kuchora mitaa mipya, au kuuacha mji wa kale na kujenga mwingine upande wa Belém, ambako madhara yalikuwa madogo. Kila njia ilipimwa kwa gharama zake, haki za wenye viwanja na hatari ya tetemeko jingine.

Wakati wataalamu wakipima, mwenye kiwanja alitaka kurudi kwake. Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka huo ilitoka amri ya kukataza ujenzi wowote katika eneo lililoharibiwa hadi ramani ikamilike, na waliokaidi walikabiliwa na kubomolewa. Msomaji anayezifahamu bomoabomoa za miji yetu atajua kilio chao kilikuwaje.

Hatimaye ilichaguliwa njia ya nne. Wasanifu Eugénio dos Santos na Carlos Mardel walichora mitaa iliyonyooka kati ya viwanja viwili vikubwa, Rossio kwa juu na Praça do Comércio ukingoni mwa mto. Jina hilo la pili lina maana ya Uwanja wa Biashara, nao uliwekwa palepale lilipokuwa kasri la mfalme.

Hata hivyo, wapo waliouliza kama mji huo ulistahili kujengwa kabisa. Gabriel Malagrida, padri Mjesuiti mzaliwa wa Italia aliyekuwa mmisionari Brazil kwa miaka mingi, alichapisha kijitabu mwaka 1756 akidai kwamba tetemeko lilitokana na ghadhabu ya Mungu kwa dhambi za Lisbon. Kwa maoni yake, anayeeleza maafa kwa sababu za maumbile alikuwa anawapotosha watu, na muda uliotumika kujenga ulipaswa kutumika katika toba. Kijitabu hicho kilipata idhini ya wakaguzi, na kilisomwa.

Mjadala ulivuka mipaka. Voltaire alitunga shairi kuhusu maafa hayo. Rousseau alimjibu kwamba si maumbile yaliyowarundika watu katika nyumba ndefu zilizobanana. Kule Prussia, kijana Immanuel Kant aliandika makala za kutafuta chanzo cha tetemeko chini ya ardhi.

Lisbon yenyewe haikuruhusiwa kubishana kwa uhuru huo. Mafundi na vibarua walihitajika mjini, na Pombal aliona kwamba mahubiri ya Malagrida yangewakimbiza. Padri huyo alihamishiwa Setúbal. Mwaka 1758 mfalme alipigwa risasi usiku akiwa garini na kujeruhiwa. Pombal akautumia mkasa huo kuwavunja maadui zake wote kwa pamoja: familia ya Távora, iliyokuwa miongoni mwa kubwa nchini, iliuawa hadharani Januari 1759, na Wajesuiti wakafukuzwa katika himaya yote ya Ureno mwaka huo huo.

Malagrida alibaki kizuizini. Mahakama ya Kanisa ya kuhukumu uzushi, ambayo wakati huo iliongozwa na ndugu wa Pombal, ilimtia hatiani kwa maandishi yaliyosemekana kuwa aliyaandika gerezani, ambayo kwa wengi yalionekana ya mtu aliyekwisha kurukwa na akili. Septemba 21, 1761, akiwa na umri wa miaka 72, alinyongwa na mwili wake kuchomwa moto katika uwanja wa Rossio, mmoja wa viwanja vya mji ule mpya. Mwandishi huyu haoni namna ya kuisifu ramani ya Rossio na kuliruka tukio hilo.

Sheria ya mwaka 1758 ndiyo iliyoyakata mabishano ya viwanja. Kila mmiliki alipewa haki ya eneo katika ramani mpya kulingana na alichokuwa nacho zamani, kwa sharti la kujenga ndani ya miaka mitano. Aliyeshindwa alipaswa kumwachia mwenye uwezo. Wafanyabiashara, ambao Pombal aliwainua, ndio walionufaika zaidi.

Nyumba zilifanana sura. Ndani ya kuta kulikuwa na kiunzi cha mbao zilizopishana, kinachojulikana hadi leo kama gaiola, yaani kizimba, ili nyumba iyumbe bila kuanguka. Inasimuliwa kwamba mfano wake ulijaribiwa kwa kuwaamuru askari watembee kwa kishindo kuuzunguka. Kati ya nyumba na nyumba palijengwa kuta za kuzuia moto, na chini ya mitaa ikapita mifereji ya majitaka. Mafundi walipangiwa mitaa kwa kazi zao: wafua dhahabu wao, wafua fedha wao, washona viatu wao.

Fedha zilitoka katika tozo ya asilimia 4 ya bidhaa zilizoingia kupitia forodha ya Lisbon, iliyoitwa mchango wa wafanyabiashara. Nyuma yake ilikuwapo dhahabu ya Brazil, iliyochimbwa kwa jasho la watumwa kutoka Afrika. Pombal alitoa sheria mwaka 1761 kwamba mtumwa atakayefikishwa Ureno awe huru, lakini makampuni aliyoyaanzisha kwa ajili ya Brazil yaliendelea kuwasafirisha Waafrika kwa maelfu kwenda mashambani huko.

Juni 1775 ilizinduliwa sanamu ya Mfalme José akiwa juu ya farasi katika Praça do Comércio, na chini yake ikawekwa sura ya Pombal iliyochongwa kwa shaba. Mji ulikuwa bado haujakamilika. Mfalme alifariki Februari 1777, na binti yake, Malkia Maria wa Kwanza, aliyemchukia waziri huyo, alimwacha aondoke. Magereza yalifunguliwa, wafungwa wake wakatoka, na ile sura ya shaba ikang'olewa. Ilirudishwa mwaka 1833.

Pombal alichunguzwa, akatiwa hatiani mwaka 1781 na kuamriwa akae mbali na mji alioujenga. Alifariki Mei 8, 1782, katika mji wa Pombal. Mwaka 1923 mabaki yake yalihamishiwa katika kanisa la Memória mjini Lisbon, lililojengwa mahali pale pale Mfalme José alipopigwa risasi.