Vasco da Gama, nahodha aliyevuruga biashara ya Bahari ya Hindi

Vasco da Gama alizaliwa Sines, Ureno, katika karne ya 15. Aprili 1498, baada ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, alifika Mombasa na Malindi. Mwaka 1502 alirejea na mizinga: Kilwa ikalazimishwa kulipa kodi ya dhahabu, nayo merikebu ya mahujaji waliotoka Maka ikateketezwa karibu na pwani ya India. Wafanyabiashara wakaingiwa na hofu. Alifariki Kochi, India, Desemba 24, 1524.

Mwishoni mwa 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, shehena nyingi za Ulaya zilirudi kwenye njia yake ndefu. Kwa maeneo kama Timau, Meru, yanayokuza maua na mboga za kuuzwa Ulaya, mzigo unaochelewa baharini ni hasara.