Antonio Vivaldi, Padri Mwalimu wa Fidla

1. Mtoto dhaifu

Katika nchi ya Italia uko mji uitwao Venezia. Mji huo umejengwa juu ya visiwa vidogo vingi, katikati ya maji ya bahari. Njia zake nyingi ni mifereji, na watu huenda sokoni na kanisani kwa mashua. Huko alizaliwa Antonio Vivaldi, tarehe 4 Machi 1678.

Alipozaliwa alikuwa dhaifu sana. Mkunga aliona hatari ya kifo, akambatiza palepale nyumbani, siku ile ile. Lakini mtoto hakufa. Alikua, ila kifua chake kilimsumbua maisha yake yote. Mara kwa mara pumzi ilimkaba, asiweze kutembea mwendo mrefu.

Baba yake, Giovanni Battista, alikuwa kinyozi. Tena alijua sana kupiga fidla, hata akauacha wembe, na mwaka 1685 akaajiriwa kuwa mpiga fidla katika kanisa mashuhuri la Mtakatifu Marko. Ndiye aliyemfundisha Antonio.

Fidla ni chombo cha mti chenye nyuzi nne. Mpigaji hukiegemeza begani, chini ya kidevu, akapitisha uta juu ya nyuzi kama mpiga zeze. Haina alama ya kuonyesha mahali pa kuweka vidole. Kidole kikikosea kidogo tu, sauti huharibika. Tena mwanafunzi mpya mara nyingi hasikii kosa lake mwenyewe. Kwa hiyo inamfaa kuwa na mtu wa kumsikiliza na kumsahihisha, leo na kesho na kesho kutwa. Antonio alikuwa na mtu huyo nyumbani mwake.

Alipopata miaka 15, alianza masomo ya upadri. Aliyasoma miaka kumi, wala hakuiacha fidla. Mwezi wa Machi 1703 alipewa upadri, naye alikuwa na miaka 25. Kwa kuwa nywele zake zilikuwa nyekundu, watu wa Venezia walimpa jina la Padri Mwekundu. Lakini haukupita muda mrefu, akaacha kusoma Misa kwa sababu ya kile kifua chake. Ilimpasa atafute kazi nyingine ambayo mwili wake ungeiweza.

2. Nyumba ya Pietà

Katika mji ule ilikuwapo nyumba kubwa iitwayo Pietà, maana yake Huruma. Mtawa mmoja wa Mtakatifu Fransisko aliianzisha zamani sana, katika mwaka 1346, kwa ajili ya watoto wachanga walioachwa na wazazi wao. Wengine waliachwa kwa sababu ya umaskini, wengine kwa sababu ya aibu. Katika ukuta wa nyumba palikuwa na tundu kama dirisha. Mama aliyeshindwa kumlea mtoto alimweka pale, akaenda zake. Mara nyingine alimwachia alama, kama nusu ya medali, naye akaishika nusu ya pili. Alitumaini kwamba siku moja atarudi, nusu hizo zitaungana, naye atamtambua mwanawe. Wachache walirudi.

Wavulana wa Pietà walifundishwa ufundi, na walipokua waliondoka kwenda kufanya kazi mjini. Wasichana walibaki. Walijifunza kushona, kufuma na kufua. Lakini wale walioonekana kuwa na sikio zuri walichaguliwa kuingia katika kundi la waimbaji na wapiga vyombo. Nyumba ilikuwa na watoto mamia. Kundi lile lilikuwa na watu 40 au 60 hivi.

Wasichana hao hawakuwa na jina la ukoo. Basi watu waliwaita kwa vyombo vyao: huyu ni wa Fidla, yule ni wa Zumari. Mtoto aliyeingia Pietà bila jina la baba alipata jina kwa kazi ya mikono yake.

Siku za sherehe walipiga na kuimba kanisani, juu ya roshani, nyuma ya kimia cha chuma. Watu walisikia sauti, wasiweze kuona nyuso. Wageni walitoka nchi za mbali kuja kuwasikiliza. Sadaka za watu hao zilisaidia kuwalisha watoto wote wa nyumba, hata wale wasiojua muziki.

3. Mwalimu mpya

Mwezi wa Septemba 1703, wakubwa wa Pietà walimwajiri Padri Antonio kuwa mwalimu wa fidla. Mshahara wake ulikuwa dukati 60 kwa mwaka. Mwaka uliofuata wakamwongeza, ukawa dukati 100, maana alifundisha pia fidla ya aina nyingine.

Kazi yake haikuwa kuonyesha vidole tu. Ilimpasa kutafuta vyombo na nyuzi. Nyuzi za fidla za siku zile zilitengenezwa kwa matumbo ya kondoo, zilikatika upesi, nazo zilikuwa ghali. Padri Antonio alizinunua kwa fedha za nyumba, akachagua na fidla zenyewe. Alijua kwamba chombo kibovu humvunja mtoto moyo. Mtoto akipewa fidla isiyokubali kutoa sauti njema, hudhani kosa ni lake.

Tena asingeweza kumfundisha kila mtoto peke yake. Pietà ilikuwa na desturi nzuri: wakubwa waliwafundisha wadogo. Mwalimu aliwafundisha wasichana waliokwisha kuendelea, nao kila mmoja alipewa wanafunzi wake wachanga. Yule mkubwa alifaidi pia, maana afundishaye mwenzake hujifunza mara mbili.

Na jambo kubwa kuliko yote, Padri Antonio aliwatungia wanafunzi wake muziki. Alipenda sana muziki wa namna iitwayo koncheto. Katika koncheto mpigaji mmoja hupiga peke yake sehemu ngumu, na kundi zima humjibu. Sehemu ya kundi kwa kawaida ni nyepesi zaidi, tena hurudiarudia. Hivyo aliyeanza juzi aliweza kuketi kundini karibu na fundi, akapiga kitu kidogo kwa usahihi, na kitu hicho kidogo kikahitajiwa na wote. Na yule aliyekuwa hodari alipata sehemu ya kuzijaribu nguvu zake. Padri Antonio alitunga koncheto za fidla, za selo iliyo fidla kubwa, za filimbi na za zumari. Alitunga nyingi hata za fagoti, yaani zumari ndefu yenye sauti nzito, ambayo watu wengi waliidharau.

4. Anna Maria wa Fidla

Padri Antonio alipofika Pietà, alimkuta mtoto wa miaka saba hivi, jina lake Anna Maria. Naye pia alikuwa ameachwa na wazazi. Mtoto huyo alijifunza fidla, akaendelea hata akawapita wote. Sifa zake zilienea katika nchi nyingi za Ulaya. Padri Antonio alitunga koncheto kadhaa kwa ajili yake, na jina la Anna Maria limeandikwa juu ya karatasi zake.

Anna Maria hakuridhika na fidla peke yake. Alijua vyombo vingine kadhaa. Baadaye akawa mwalimu, akawafundisha wasichana wadogo kama alivyofundishwa yeye. Hakutoka Pietà maisha yake yote, akafa mwaka 1782 akiwa mzee wa miaka 80 na zaidi. Kitabu kimoja alichosomea sehemu zake za fidla kingali kimehifadhiwa mjini Venezia.

5. Kufukuzwa na kurudishwa

Mwishoni mwa mwaka 1708, mfalme wa Denmark alifika Venezia, akaenda Pietà kuwasikia wasichana. Ilikuwa heshima kubwa. Lakini miezi miwili baadaye mwalimu wao alipoteza kazi. Wakubwa wa Pietà walikuwa na desturi ya kupiga kura kila mwaka juu ya walimu wao. Mwezi wa Februari 1709 kura sita zilimkubali Padri Antonio, na saba zilimkataa.

Wanahistoria wengi hufikiri kwamba hakukuwa na ugomvi mkubwa. Wasichana wakubwa walikuwa wamekwisha kujua kufundisha, na wakubwa wa nyumba walitaka kupunguza gharama. Yaani mwalimu alikuwa amefanya kazi yake vizuri, hata akaonekana kwamba hahitajiwi tena.

Lakini kundi la wapiga muziki ni kama shamba. Lisipolimwa mwaka huu, magugu huonekana mwaka ujao. Mwaka 1711 wakubwa walipiga kura tena, na mara hii wote walikubali arudi. Mwaka ule ule koncheto zake 12 zilichapwa katika mji wa Amsterdam, na sifa zake zikaenea. Huko Ujerumani, Johann Sebastian Bach alizisoma koncheto zake, akazigeuza kadhaa zipigwe kwa vinanda.

Mwaka 1716 wasichana wa Pietà waliimba hadithi ya Yudita, ile ya katika Biblia Takatifu, iliyotungwa na Padri Antonio. Wasichana waliimba sehemu zote, hata za majemadari wanaume.

Mwaka 1723 alikuwa akisafiri mara kwa mara kwenda miji mingine kwa kazi za michezo ya kuigiza yenye nyimbo. Basi alipatana na wakubwa wa Pietà awaletee koncheto mbili kila mwezi. Lakini hawakuridhika na karatasi peke yake. Walisharti kwamba, awapo Venezia, afike mwenyewe kuwafanyisha wasichana mazoezi mara tatu au nne kwa kila koncheto. Walijua kwamba karatasi humwambia mtoto apige nini, lakini haiwezi kumsikiliza.

Mwaka 1725 zilichapwa koncheto nne zinazojulikana duniani kote hata sasa, juu ya majira manne ya mwaka wa Ulaya. Ndani yake fidla huigiza ndege waimbao, mbwa abwekaye, ngurumo za mvua, na meno ya mtu atetemekaye kwa baridi.

6. Mwisho wake na urithi wake

Padri Antonio alipokuwa mzee, watu wa Venezia walichoka na muziki wake, wakatafuta watungaji wapya. Mwaka 1740 alisafiri kwenda Vienna, katika nchi ya Austria, akitumaini kusaidiwa na Kaisari Karoli wa Sita aliyempenda. Lakini mwezi wa Oktoba mwaka ule Kaisari alikufa. Padri Antonio alikaa huko ugenini bila fedha. Tarehe 28 Julai 1741 alifariki, mwenye miaka 63. Alizikwa kwa mazishi madogo, kama wazikwavyo maskini.

Karibu miaka 200 watu wachache tu walikumbuka jina lake. Karatasi zake nyingi hazikujulikana ziko wapi. Ndipo mwaka 1926 shule moja ya Wasalesiani wa Don Bosco, katika Italia ya kaskazini, ilipotaka kuuza vitabu vyake vya zamani. Wasalesiani hao ni wa shirika lile lililofika Katanga mwaka 1911. Wataalamu walipofungua vitabu, waliona mafungu kwa mafungu ya muziki wa Vivaldi, mwingi ukiwa umeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Fungu lingine la karatasi lilipatikana baadaye.

Maktaba ya Torino haikuwa na fedha ya kuyanunua. Tajiri mmoja aitwaye Roberto Foà alikuwa amefiwa na mwanawe mdogo, Mauro. Alinunua fungu la kwanza, akalitoa zawadi kwa maktaba, kwa ukumbusho wa mtoto wake. Mwaka 1930 Filippo Giordano, aliyefiwa na mwanawe mdogo Renzo, akanunua fungu la pili. Hata leo mafungu hayo huitwa kwa majina ya watoto hao wawili. Basi muziki uliotungwa kwa sehemu kwa ajili ya watoto waliokosa wazazi, uliokolewa na wazazi waliokosa watoto.

Vivaldi alitunga koncheto karibu 500. Wafalme waliomsifu wamesahauliwa na wengi. Lakini kila mahali ambapo mtoto anashika fidla, na mtu mkubwa anaketi karibu naye akimsikiliza bila kuchoka, kazi ya Padri Mwekundu inaendelea.

MASWALI

1. Nani alimfundisha Antonio kupiga fidla?
2. Kwa nini mwanafunzi wa fidla anahitaji mtu wa kumsikiliza?
3. Watoto wa Pietà walitoka wapi? Eleza maana ya nusu ya medali.
4. Kwa nini wasichana waliitwa kwa majina ya vyombo vyao?
5. Padri Antonio aliwasaidia wanafunzi wake kwa njia zipi? Taja tatu.
6. Kwa nini alipoteza kazi mwaka 1709?
7. Muziki wake uliokolewa namna gani?
8. Je, unajua kitu ambacho ungeweza kumfundisha mdogo wako? Utaanzaje?