Gilbert Walker: Mwanahisabati Aliyeisaka Siri ya Pepo

Gilbert Walker alizaliwa mwaka wa 1868 mjini Rochdale, Uingereza. Mnamo 1889 aliongoza mtihani wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Ingawa hakuwa amebobea katika taaluma ya hali ya anga, mwaka wa 1904 alikabidhiwa idara ya hali ya hewa nchini India.

Kazi hiyo haikuwa lelemama. Mvua za kusi zilikuwa zimekosekana mwaka wa 1877 na tena 1899, na njaa ikaangamiza mamilioni ya watu. Walker alitarajiwa kubashiri ukame kabla haujabisha hodi. Kwa kukosa nadharia ya kutegemea, aliwatumia makarani wa Kihindi kulinganisha takwimu za mvua, joto na mgandamizo wa hewa kutoka pembe nyingi za dunia, hata za mafuriko ya Nile.

Hapo ndipo alipogundua kwamba mgandamizo ukipanda katika Pasifiki, hushuka katika Bahari Hindi, kisha mambo hugeuka, mithili ya mizani. Mizani hiyo aliiita Mbembeo wa Kusini. Aliondoka India mwaka wa 1924, akafundisha London hadi 1934. Baadhi ya wanazuoni walimshuku, kwani hakuweza kueleza chanzo cha mbembeo huo. Aliaga dunia mwaka wa 1958.

Jibu lilitoka baharini. Mnamo 1969, Jacob Bjerknes alieleza kwamba hewa hupanda juu ya maji yenye joto magharibi mwa Pasifiki na kushuka juu ya maji baridi ya mashariki. Mzunguko huo aliupa jina la Walker. Maji ya mashariki yapatapo joto, yaani wakati wa El Nino, mzunguko hudhoofika.

Athari zake huvifikia hata vimbunga. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto la nyuzi 26.5 hivi za Selsiasi, lakini joto pekee halitoshi. Wakati wa El Nino, pepo za juu katika Atlantiki huvuma tofauti mno na za chini, zikavirarua vimbunga vichanga. Katika Pasifiki ya kati na mashariki, vimbunga huelekea kuongezeka. Mwaka wa 1997, Kenya ilipokumbwa na mafuriko, Atlantiki ilipata vimbunga vichache kuliko kawaida.

Walker hakufaulu kuitabiri mvua ya India kwa uhakika. Hata hivyo, watabiri wa vimbunga wa leo huanza na mizani yake.