Kanali Meinertzhagen: Jasusi Aliyeaminiwa kwa Neno Lake, Kutoka Uluguru Hadi Palestina

Himdi zote Anastahiki Allaah, na Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ama ba‘d. Ndugu zetu wengi wa visiwani wana jamaa Morogoro, na kila aliyefika huko anaijua milima ya Uluguru. Ukisimama mjini na kunyanyua macho upande wa kusini, unaiona imesimama kama ukuta. Mwezi wa Agosti 1916 jeshi kubwa la Waingereza lilisimama mbele ya ukuta huo huo, na mkuu wake akaamini kwamba Wajerumani waliokuwa mjini hawana pa kukimbilia. Habari hiyo haikuwa sahihi. Mkuu wa upelelezi wa jeshi hilo alikuwa Richard Meinertzhagen, mtu ambaye jina lake lilikuja kufika hadi Palestina, na ambaye maisha yake yana funzo kubwa kwa kila anayepokea habari na kuzisambaza.

Kuzaliwa kwake na kisa cha Nandi

Meinertzhagen alizaliwa London tarehe 3 Machi 1878, katika ukoo tajiri wa mabenki wenye asili ya Ujerumani. Alisoma Harrow, akaingia jeshini mwaka 1899 na kupelekwa India. Mwaka 1902 alihamishiwa Afrika Mashariki katika kikosi cha King's African Rifles. Alipenda mno kuwinda na kukusanya ndege. Hata nguruwe mkubwa wa msituni alipewa jina lake na wataalamu wa London mwaka 1904.

Wakati huo Wanandi wa Kenya walikuwa wakipinga reli na utawala wa Kiingereza wakiongozwa na Koitalel arap Samoei. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alikuja kukutana na Meinertzhagen kwa mazungumzo ya suluhu. Hakurudi nyumbani. Aliuawa papo hapo pamoja na watu wake zaidi ya ishirini, na upinzani wa Wanandi ukavunjika.

Meinertzhagen alieleza kwamba yeye ndiye aliyetegewa mtego na kwamba alijihami. Wenzake wengine walisema ni hiana. Mabaraza ya uchunguzi ya kijeshi yaliitishwa mara tatu, na yote yakamsafisha. Lakini maafisa wa jeshi moja walikuwa wakimhukumu mwenzao, na waliouawa hawakuwa na wa kuwasemea. Mwaka 1906 aliondolewa Kenya kimyakimya, bila adhabu. Fimbo za Koitalel alizozichukua zilirudishwa na mwanawe mwaka 2006, yaani baada ya miaka 101.

Hapa inafaa kukumbusha hukumu ya Dini yetu. Hila katika mapigano imeruhusiwa, kama ilivyothibiti kwa Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam). Lakini aliyepewa amani haguswi, hata akiwa adui. Kumwua mtu aliyekuja kwa ahadi ya suluhu ni khiyana, nayo haina ruhusa.

Vita Kuu yafika kwetu

Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, sisi wa visiwani havikutupita. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja. Mwezi Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia. Na wanaume wa pwani na bara walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Mapema Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga na askari wapatao 8,000 kutoka India, dhidi ya Wajerumani na askari wao wapatao 1,000. Walishuka bila kujua vyema nguvu ya adui, wakapigwa na kurudi melini. Meinertzhagen alikuwamo kama afisa wa upelelezi. Baada ya hapo alikabidhiwa upelelezi wote wa Waingereza katika Afrika Mashariki.

Alijenga mtandao mpana wa wapelelezi Waafrika waliovuka mpaka na kurudi na habari. Kwa maelezo yake mwenyewe, waliagizwa hata kuokota makaratasi yaliyotupwa katika vyoo vya maafisa wa Kijerumani, kwa sababu humo mlikuwa na barua na amri za jeshi. Alisimulia pia kwamba alimwandikia barua ya shukrani, na fedha ndani yake, jasusi mmoja Mwarabu aliyewatumikia Wajerumani, akahakikisha barua inakamatwa na Wajerumani wenyewe, nao wakamwua mtu wao. Kama kisa hicho ni kweli, basi aliua kwa uwongo. Na kama si kweli, basi alijisifu kwa damu ambayo hakuimwaga. Lipi kati ya hayo ni sifa njema?

Njia ya Uluguru

Mwezi Februari 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alishika uongozi wa jeshi la Waingereza. Kutoka Kilimanjaro aliwasukuma Wajerumani kusini mpaka Reli ya Kati. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikusanya nguvu zake Morogoro. Smuts akapanga kumfungia hapo: kikosi kimoja kizibe upande wa magharibi karibu na Mlali, kingine kizunguke mashariki, na nyuma ya adui iwe ni milima.

Tarehe 26 Agosti 1916 Waingereza waliingia Morogoro, wakaukuta mji umeachwa. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka kuelekea Kisaki, ng'ambo ya milima. Smuts mwenyewe katika ripoti yake rasmi alikiri kwamba hakujua kuwa ipo njia inayotoka Morogoro kupita ndani ya milima hadi Kisaki.

Tuzingatie hapa. Waluguru walikuwa wakipita katika milima yao kila siku, na mama mwenye kikapu kichwani alijua pa kupita. Habari iliyokosekana haikuwa siri. Ilikuwa kwa watu ambao hawakuulizwa. Lawama haikuwa ya Meinertzhagen peke yake, kwani ramani zilikuwa mbovu na majenerali walikuwa na haraka. Lakini kwa kukosa habari hiyo moja, vita viliendelea hadi Novemba 1918. Na kila mwezi uliozidi, wapagazi walizidi kufa na vijiji vilizidi kuporwa chakula.

Palestina na ule mkoba

Mwisho wa mwaka 1916 Meinertzhagen aliondoka Afrika Mashariki akiwa mgonjwa. Mwaka uliofuata alipelekwa katika jeshi la Jenerali Allenby lililokuwa likipigana na Dola ya Uthmaniyyah mbele ya Ghazza. Mwezi Oktoba 1917 afisa wa Kiingereza mwenye farasi alijisogeza karibu na doria ya Waturuki, akajifanya amejeruhiwa, akakimbia na kuuacha mkoba wake nyuma. Ndani mlikuwa na barua, fedha na karatasi za uwongo zilizoonyesha kwamba shambulio kubwa litakuwa Ghazza. Tarehe 31 Oktoba shambulio likaja Bi'r as-Sab‘, na ngome ya Ghazza ikaanguka siku chache baadaye. Mwezi Desemba Waingereza waliingia Al-Quds.

Meinertzhagen alijitangaza kuwa ndiye aliyebuni hila hiyo na ndiye aliyepanda farasi. Dunia ikamsadiki, na vitabu vikanakiliana kwa miaka mingi. Watafiti waliopekua nyaraka baadaye walikuta kwamba mbuni wa hila alikuwa afisa mwingine, na mpanda farasi mwingine pia. Yule aliyebuni aliuawa vitani mwaka 1918, hivyo hakuwepo wa kumkanusha.

Tume ya Palin

Mwaka 1919 alihudhuria mkutano wa amani wa Paris, kisha akawa afisa mkuu wa siasa wa Waingereza huko Palestina. Wakati huo Uingereza ilikuwa imekwisha kutoa Tamko la Balfour la tarehe 2 Novemba 1917, lililowaahidi Mayahudi makao ya kitaifa katika nchi hiyo. Meinertzhagen alikuwa mtetezi mkali wa Uzayuni.

Mwezi Aprili 1920, wakati wa maadhimisho ya Nabii Musa, zilizuka ghasia Al-Quds ambazo Mayahudi watano na Waarabu wanne walikufa, na mamia wakajeruhiwa. Meinertzhagen aliandika moja kwa moja London, akimruka mkuu wake, akiwatuhumu maafisa wenzake kwamba waliwachochea Waarabu. Allenby akamwondoa.

Waingereza waliunda baraza la uchunguzi chini ya Meja Jenerali Palin. Ripoti yake ya Julai 1920 ilisema chanzo kilikuwa ni Waarabu kukata tamaa kwa ahadi zisizotimizwa na kuhofia kutawaliwa, pamoja na pupa ya viongozi wa Kizayuni. Ilieleza pia kwamba Meinertzhagen mwenyewe alifika na upendeleo wa wazi dhidi ya Waarabu. Ripoti hiyo haikuchapishwa wakati ule. Kwa hiyo maneno ya kanali yaliendelea kusomwa, na maneno ya tume yakakaa kabatini.

Hakuwa Myahudi

Wengi hudhani Meinertzhagen alikuwa Myahudi. Hakuwa. Na wako marabi wengi wa zama zile waliopinga Uzayuni kwa hoja za imani yao, wakisema kwamba kurejea kwa taifa lao ni jambo la kumngojea Masihi wao. Siasa ya Uzayuni na dini ya Kiyahudi ni mambo mawili, na Muislamu muadilifu hayachanganyi. Allaah Ametuamrisha katika Suwrat Al-Maaidah kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kwenye dhulma.

Tena ‘ibaadah ya swawm tunaijua sote. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alipofika Madiynah aliwakuta Mayahudi wakifunga ‘Aashuwraa kwa kushukuru kuokolewa kwa Nabii Muwsaa (‘Alayhis-Salaam), naye akafunga na akaamrisha ifungwe. Mayahudi hadi leo wana funga kubwa iitwayo Yom Kippur, siku ya kumi ya mwezi wao wa Tishri. Hawali, hawanywi, hawaogi wala hawavai viatu vya ngozi kwa takriban saa 25, wakiomba msamaha kwa Mola. Na wanazuoni wao wanafundisha kwamba siku hiyo haifuti dhulma baina ya mtu na mtu, mpaka aliyedhulumu amridhishe aliyedhulumiwa. Nasi twasema hivyo hivyo kuhusu haki za waja.

Mwisho wake na kufichuka

Meinertzhagen alistaafu jeshi mwaka 1925 na akajulikana kama mtaalamu wa ndege. Kati ya 1957 na 1964 alichapisha kumbukumbu zake, zikiwemo za Kenya na za Mashariki ya Kati. Wanahistoria wakazitumia kama ushahidi. Alikufa tarehe 17 Juni 1967 akiwa na miaka 89, siku chache baada ya Israili kuiteka Al-Quds yote.

Kufichuka kwake kulianzia kwa ndege. Katika miaka ya 1990 watafiti walichunguza ndege waliokaushwa aliowaachia makumbusho ya Uingereza, wakagundua kuwa wengi aliwaiba kutoka makumbusho hayo hayo na wengine, akawabandika vibandiko vipya vyenye mahali na tarehe za uwongo. Bundi mmoja wa India alidhaniwa ametoweka duniani, kwa sababu watu walimtafuta pale alipoandika Meinertzhagen. Walipoyaacha maneno yake, bundi huyo alionekana hai mwaka 1997. Baada ya hapo kumbukumbu zake nazo zikapekuliwa, na kurasa nyingi zikaonekana ziliandikwa upya miaka mingi baada ya matukio.

Funzo kwetu

Wasiojali kuhakiki habari hawana kabila. Tarehe 6 Oktoba 1973, inayolingana na 10 Ramadhaan 1393, Misri na Syria ziliishambulia Israili katika siku yenyewe ya Yom Kippur. Dalili zilikuwepo, lakini wapelelezi wa Israili walishikilia dhana kwamba Misri haitathubutu. Tume ya Jaji Agranat iliyochunguza jambo hilo iliwalaumu mkuu wa upelelezi wa kijeshi na mkuu wa majeshi, na wote wawili wakaondoka. Smuts alidhani milima haina njia. Hawa walidhani adui hana nia. Kila mmoja aliridhika na habari iliyompendeza.

Maulamaa wetu wa Hadiyth walikwisha kutuonyesha njia. Kabla ya kuyaangalia maneno, walimwangalia msimulizi: nani huyu, alikuwepo, anajulikana kwa ukweli, nani mwingine amesikia? Na Allaah Ametuamrisha katika Suwrat Al-Hujuraat, Aayah ya 6, kwamba habari ya fasiki ihakikiwe, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Basi mzazi, kila jioni simu za nyumbani kwako hupokea habari za vita, picha na sauti za watu wanaosema kwa uhakika mkubwa. Kabla ya mtoto kuzituma kwa wenziwe, mfundishe kuuliza maswali hayo manne. Uhodari wa kusimulia si ushahidi. Kanali huyu aliaminiwa kwa takriban miaka 90, na Koitalel hakupata kusikilizwa hata siku moja.

Tunamuomba Allaah Atujaalie miongoni mwa wakweli, Awanusuru wanaodhulumiwa popote walipo, na Atukinge na ndimi zetu.

Wa Allaahu A‘lam.